Vuli ya Embu Huanzia kwenye Jani Changa

Poinsetia yangu ya langoni ilinisumbua miaka miwili. Upande unaotazama barabara ulikuwa mwekundu kama nyanya iliyoiva. Upande unaotazama nyumba ulibaki kijani, majani mapana yenye afya, bila hata doa la rangi. Mmea mmoja, shina moja, udongo ule ule mwekundu wa Embu. Nikaongeza samadi upande wa kijani, ukazidi kunawiri kwa ukijani wake. Nikaupogoa, ukachipua upya, kijani tena.

Jibu lilikuwa juu ya kichwa changu. Kwenye pembe ya nyumba tulikuwa tumefunga taa ya usalama inayowaka tangu jioni hadi alfajiri, na mwanga wake uliangukia nusu ile ile ya mmea iliyokataa kubadilika.

Hiki tunachokiita ua la Krismasi, wekundu wake si wa ua. Maua yenyewe ni vile vijivimbe vidogo vya njano vilivyo katikati. Vingine vyote ni majani. Asili ya mmea ni Mexico, na jina la poinsetia limetokana na Joel Roberts Poinsett, mjumbe wa Marekani nchini humo, aliyeupeleka kwao miaka ya 1820. Poinsetia huhesabu giza. Ikipata usiku mrefu usiokatizwa, wiki baada ya wiki, majani ya nchani huacha ukijani. Wakulima wa maua wa Ulaya huifunika kwa kitambaa cheusi ili giza lifike saa 14 kwa siku. Sisi hatuna usiku wa namna hiyo. Mji wa Embu uko nusu digrii tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki dakika 5. Usiku wetu unakaribia saa 12, Januari sawa na Julai. Kwa poinsetia huo ni usiku wa ukingoni: unatosha, lakini hauna akiba. Taa moja tu ya wati 60 ingeuvuruga. Yetu ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Nilimpelekea fundi wa mabati kipande kimoja, akakikunja kuwa kofia ya kuielekeza taa chini, mahali ambapo kweli tuliihitaji. Wiki ya tano majani ya kwanza ya upande wa nyumba yalianza kupauka kuelekea wekundu. Wiki ya tisa mmea mzima ulikuwa wa rangi moja.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha jinsi kazi yote ya rangi za majani inavyokwenda. Rangi ina kichochezi. Ukikijua kichochezi, unaweza kuiagiza. Usipokijua, utamwaga samadi tu. Na kosa kubwa tunalolifanya sisi wa mteremko huu wa Mlima Kenya ni kudhani kichochezi ni baridi, kwa kuwa ndivyo picha za kalenda za Ulaya zinavyotuonyesha.

Hata lugha yetu inachanganya kidogo hapa. Wafasiri wakitafuta neno la msimu ule wa Ulaya na Marekani Kaskazini ambapo misitu hugeuka dhahabu, mara nyingi huchukua vuli. Lakini vuli, kwa mtu anayelima, ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Huku kwetu wazee huzitambua kwa mazao: mvua za mwere, yaani uwele, tofauti na zile za njahi zinazoanza Machi. Huko Mbeere, kuelekea Siakago na Kiritiri, mvua hizi za vuli ndizo mkulima anazozitegemea zaidi. Kwa hiyo vuli ya kaskazini ni msimu wa jani kufa, na vuli yetu ni msimu wa jani kuzaliwa. Zamani niliona ni tafsiri mbaya. Sasa naipenda, maana imenionyesha mahali pa kuitafuta rangi.

Kabla sijaelewa hayo nilinunua miche miwili ya mepo, mti ule ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Aliyeniuzia, muuza miche wa kando ya barabara, aliniapia kwamba ingekuwa myekundu ifikapo Oktoba. Mmoja uliungua kingo za majani kwa jua la Februari ukafa. Wa pili uliishi mwaka na nusu, ukitoa jani moja moja la kijani, kisha nao ukakauka. Nilidhani nimekosea kumwagilia. Ukweli ni kwamba mti ule ulikuwa unangoja habari ambayo Embu haitoi.

Habari yenyewe ni hii. Toronto, mchana wa Juni unapita saa 15 na wa Desemba haufiki saa 9. Mepo huusoma mwendo huo wa mchana kufupika, huku baridi ikiusukuma, na huanza kufunga duka. Huvunja klorofili, ile rangi ya kijani inayokamata mwanga, na kurudisha shinani nusu au zaidi ya naitrojeni iliyokuwa kwenye jani, kwa sababu naitrojeni ni mali ghali isiyotupwa. Kijani kikiondoka, njano inajitokeza. Njano haikuja, ilikuwapo tangu mwanzo, ni karotenoidi zilizofunikwa, jamaa za zile zinazoipa karoti na embe rangi yao. Nyekundu ni jambo jingine. Nyekundu hutengenezwa upya, kwa sukari iliyobaki ndani ya jani, nayo ni anthosianini. Inahitaji jua la mchana la kuleta sukari, na usiku wa ubaridi wa wastani usiotumia sukari yote. Mwisho, chembe za kikonyo hujifunga, na jani linapukutika.

Tuishike sehemu hiyo ya jua na usiku wa ubaridi, maana hiyo tunayo. Tunayo Januari na Februari, mbingu zikiwa wazi juu ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, mchana joto likipita digrii 25 na usiku likishuka karibu na 14. Hali hiyo hurudi mwezi wa Septemba mawingu yanapoachia. Julai hatunayo. Hapa ndipo watu wengi wa bustani wanapokosea: wanaona Julai ni baridi, wanavaa masweta, wanangoja wekundu. Lakini Julai mlima hutufunika kwa mawingu na manyunyu siku nzima. Baridi ipo, sukari haipo. Julai na Agosti zitakupa njano tu, kwa mfano ile ya vijani vidogo vya jakaranda vinavyomwagika kabla ya maua ya zambarau kuja. Ni njano nzuri, ila usiulaumu mti kwa kutokuwa mwekundu.

Miti ya kwetu inayobadilika rangi jani linapozeeka haiko mingi, lakini ipo, na inashangaza jinsi tunavyoipita bila kuitazama. Wa kwanza ni mutundu, yule krotoni mwenye majani makubwa ya umbo la moyo anayeota kwenye kingo za misitu na mipaka ya mashamba. Majani yake hugeuka rangi ya chungwa kabisa kabla ya kuanguka, na hayageuki yote kwa pamoja. Unakuta tawi la kijani lenye majani matatu ya chungwa, kama taa zilizowashwa mchana. Kwa ploti ndogo huo ni mwenendo bora kuliko wa mepo, ambao humaliza onyesho lake lote kwa wiki mbili. Ukishuka Mbeere utakutana na mururuku, ambao huvaa matunda yenye mabawa ya rangi ya zambarau iliyochanganyika na wekundu. Ukiwa mbali unaweza kudhani ni majani yaliyoiva. Msomaji wa pwani anao mkungu, ndugu wa mururuku, na hahitaji maelezo yangu: kila aliyekulia Mombasa au Lamu ameokota jani la mkungu jekundu mchangani.

Mutundu wangu niliutoa kama mche wa kujiotea kwenye mpaka, nikaupanda pembe ya nyuma ya ploti yenye futi 50 kwa 100. Hukua haraka. Mwaka wa tatu ulikuwa umenipita kimo.

Lakini utajiri wa kweli uko kwenye jani changa. Mkulima wa kahawa wa Embu aliijua rangi hii kabla ya mtu yeyote wa bustani. Ingia shamba lenye SL28 na SL34, aina mbili zilizochaguliwa na Maabara ya Scott miaka ya 1930, miaka ile ile Waafrika wa Embu, Meru na Kisii walipoanza kuruhusiwa kulima kahawa kwa majaribio. Usitazame matunda, tazama ncha. SL34 ina machipukizi ya rangi ya shaba iliyokolea. Ya SL28 ni ya kijani. Watu wamezitofautisha aina hizo mbili kwa njia hiyo miaka yote, bila kuhesabu kwamba wanatazama anthosianini ile ile inayowafanya Wajapani wapande treni kwenda kuona milima.

Panda juu zaidi, kwenye ukanda wa chai wa Mungania na Rukuriri, ujiulize kuhusu chai ya zambarau. Aina ya TRFK 306, iliyotolewa rasmi kwa wakulima mwaka 2011 baada ya miaka mingi ya uchaguzi wa watafiti wa chai wa Kenya, ina majani machanga ya zambarau kwa sababu imejaa rangi hiyo hiyo. Vichaka vitatu vya chai hii kwenye ukingo wa bustani, vikichumwa kila baada ya wiki mbili, vinabaki na ncha za zambarau mfululizo, maana kila uchumaji unaita machipukizi mapya.

Kisha makadamia. Kuna makadamia za namna mbili kubwa, na nyingi za mashambani ni machotara ya hizo mbili. Ile yenye ganda laini huchipua kijani kilichopauka. Ile yenye ganda la mikwaruzo, ambayo majani yake yana miiba mingi kingoni, huchipua waridi. Wenye viwanda hupendelea kokwa ya ile ya kwanza kwa kukaanga, kwa hiyo anayepanda kwa ajili ya soko atachagua tofauti na mimi. Mimi nilipanda mmoja tu, wa uani, na nikauchagua kwa rangi. Mwembe nao huachia majani machanga yanayoning'inia kama yamechoka, rangi ya mvinyo, kisha baada ya wiki chache yanasimama na kuwa kijani. Mzambarau hufanya hivyo hivyo kwa rangi ya shaba. Hata miraa ya Meru: mnunuzi anayekagua vijiti vyekundu sokoni anakagua machipukizi yenye rangi hii.

Kwa nini jani changa liwe jekundu? Wataalamu wana maelezo mawili yanayoshindana. Moja linasema rangi ni mwavuli: jani ambalo bado halijaimarika haliwezi kutumia mwanga wote wa jua la ikweta, na anthosianini humeza uliozidi. La pili linasema ni kinga dhidi ya wadudu, ama kwa kuwa hawaoni wekundu vizuri, ama kwa kuwa jani lisilo na kijani halina lishe ya maana. Kwa mtu wa bustani, la kwanza lina faida ya moja kwa moja. Kama rangi ni mwavuli, itakuwa kali zaidi penye jua. Na ndivyo ilivyo. Akalifa, kile kichaka cha majani ya shaba kinachopandwa kama ua la nyumba, ukikiweka chini ya mparachichi kitakuwa cha kijani chafu. Kihamishie penye jua kuanzia asubuhi, na mwezi ujao hutakitambua.

Sasa mbinu yenyewe. Ikiwa rangi yetu ni ya jani changa, basi chombo chetu ni makasi ya kupogolea, na kalenda yetu ni mvua. Ua langu la akalifa lina mita 12 hivi. Zamani nilikuwa nikilikata lote siku moja, kama kila mtu, na matokeo yake yalikuwa wiki tatu za vijiti vitupu, kisha wiki nne za rangi moja, kisha uchovu. Sasa naligawa mafungu matatu. Fungu la kwanza nalikata wiki ya mwisho ya Septemba, kabla mvua haijafika. La pili wiki tatu baadaye. La tatu wiki tatu tena. Ifikapo katikati ya Novemba ua lile lina rangi tatu kwa wakati mmoja: shaba iliyokolea upande mmoja, waridi la machipukizi katikati, na upande wa mwisho kichipukizi kinachoanza kutoka, chekundu kama ulimi. Hurudia hivyo kwa mvua za Machi, nikianza katikati ya Februari. Ni kazi ya saa mbili kila mara.

Mwembe siupogoi kwa ajili ya rangi. Naupogoa baada ya kuvuna, Machi, na rangi huja yenyewe Aprili. Poinsetia hukatwa wekundu ukishapauka, si kabla, na hukatwa kwa glavu, kwa sababu utomvu wake mweupe huwasha ngozi na macho. Zile krotoni za majani ya madoa nazo zina utomvu usiofaa, kwa hiyo matawi yaliyokatwa yasitupwe kwenye zizi la mbuzi. Chini kabisa, mbele ya kila kitu, nina koliasi na ile tradeskantia ya zambarau inayotambaa. Hizo hazihitaji ujuzi wowote: kijiti kwenye glasi ya maji, mizizi baada ya wiki mbili hivi, basi. Koliasi ikitoa maua yachume, maana ikichanua majani huzeeka.

Kuhusu mbolea nitasema jambo moja kwa ukali. Acheni kumwagia mimea ya rangi CAN, ile mbolea ya naitrojeni. Naitrojeni ndiyo malighafi ya klorofili, na ukiimwaga kwa wingi unaagiza kijani. Ile samadi niliyoiweka upande mmoja wa poinsetia ilikuwa inausaidia upande usiotaka kubadilika uendelee kutobadilika. Mboji ya kiasi, mara mbili kwa mwaka, inatosha kwenye udongo wetu.

Lakini pia kuna wekundu wa njaa, na huo hatuusherehekei. Kila mtu wa Embu amewahi kuona mahindi ya wiki nne yenye majani ya zambarau. Hiyo ni anthosianini, ndiyo, lakini imeitwa na upungufu wa fosforasi. Udongo wetu mwekundu wa volkano una tabia ya kuishika fosforasi na kuifungia, hasa ukiwa na asidi, hivi kwamba mmea unaikosa hata ikiwa ipo. Mahindi yakishindwa kukua, sukari inarundikana na jani linakuwa la zambarau. Ukiona mmea wa bustani uliokuwa kijani umegeuka zambarau kwenye majani ya chini, ukiwa umedumaa, hiyo si rangi ya kupigia picha. Ni mmea unaoomba chakula. Tofauti ni mahali: rangi ya afya huanzia nchani kwenye kilicho kichanga, rangi ya njaa ya fosforasi huanzia chini kwenye kilicho kizee.

Jambo la mwisho la kitaalamu ni kiti. Nilichukua muda mrefu kujua kwamba jani jekundu likitazamwa huku jua liko mgongoni mwako ni jekundu tu, lakini likitazamwa jua likiwa nyuma yake linawaka. Hapa kwetu jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, ila halizami mahali pamoja: Juni linaelekea kaskazini ya magharibi, Desemba kusini yake. Niliweka benchi upande wa mashariki wa uwanja, likitazama magharibi, na mwembe na makadamia vikiwa kati ya benchi na machweo. Novemba na Aprili, katika saa moja kabla ya giza, mvua ikiwa imekatika na majani bado yana maji, sijui rangi ya kalenda yoyote inayoweza kunivuta niondoke pale.

Kazi ngumu kuliko zote haikuwa ya makasi. Mama yangu hufagia uwanja kila alfajiri, tangu nilipokuwa mtoto, na uwanja uliofagiwa ukabaki na mistari ya ufagio ndiyo heshima ya boma. Majani ya chungwa ya mutundu kwake yalikuwa uchafu tu. Nilipomwomba ayaache siku tatu, akaniuliza, "Na wageni wakija, nitawaambiaje?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia, "Waambie ni mimi, mama."

Tulikubaliana hivi: anafagia kote, ila kivuli cha mutundu anakiruka hadi Jumamosi, kisha majani yale yanakwenda kwenye shimo la mboji. Wiki iliyopita nilimkuta amesimama pale na ufagio, Jumanne, akiinama kuokota jani moja. Alilitazama pande zote mbili, akalirudisha chini mahali lilipokuwa, akaendelea kufagia pembeni yake.